Mets, mchujo na kipengele cha kujitoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kwa Waswahili wanaofuatilia besiboli ya Marekani, hasa wanaokesha na New York Mets. Mechi inayoanza saa 1:10 jioni kule New York, kwetu Afrika Mashariki ni saa 8:10 usiku, kwa hiyo wengi huamka na matokeo bila maelezo. Majibu yameandikwa baada ya msimu wa 2025 na usajili mkubwa uliofuata. Jibu linalotegemea jingine limetajiwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Msimu unachezwaje, na timu ngapi huingia mchujo?

Timu ni 30, zimegawanywa katika ligi mbili, American League na National League, timu 15 kila upande. Kila ligi ina divisheni tatu za timu tano tano. Kila timu hucheza mechi 162, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Ni karibu kila siku, jambo linalomshangaza sana mtu aliyezoea soka ya mechi moja kwa wiki.

Tangu 2022 mchujo, yaani hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida, unachukua timu 12, sita kutoka kila ligi: mabingwa watatu wa divisheni, na wengine watatu wenye rekodi nzuri kuliko wote waliokosa ubingwa. Mabingwa wawili wenye rekodi bora hupita raundi ya kwanza bila kucheza. Wanne waliobaki hukutana katika mechi tatu, mshindi wa mbili anasonga, na zote huchezwa nyumbani kwa mwenye nafasi ya juu. Raundi ya pili ni mechi tano, fainali ya ligi ni saba, na World Series, fainali kuu kati ya mabingwa wa ligi mbili, ni saba.

2. Waildikadi ndiyo nini?

Ni zile nafasi tatu za wasio mabingwa wa divisheni. Anayefuatilia AFCON atailinganisha na “best loser” wa hatua ya makundi. Tofauti ni kwamba kwenye besiboli aliyeingia kwa mlango huo hachukuliwi kama msindikizaji. Arizona Diamondbacks waliingia 2023 wakiwa na ushindi 84 tu, wakafika World Series.

Mets wako divisheni ya mashariki ya National League pamoja na Philadelphia Phillies, Atlanta Braves, Washington Nationals na Miami Marlins. Kwa kuwa Phillies na Braves wamekuwa wakipokezana ubingwa wa divisheni hiyo miaka ya karibuni, waildikadi ndiyo njia ambayo Mets wamekuwa wakiitegemea.

3. Timu zikilingana, inaamuliwaje?

Zamani zilicheza mechi ya 163. Sasa hakuna. Kinachoangaliwa kwanza ni matokeo baina ya timu zenyewe. Mets wameonja utamu na uchungu wa kanuni hii ndani ya misimu miwili. Mwaka 2024 Mets, Braves na Diamondbacks walimaliza wote na rekodi ya ushindi 89 kwa vipigo 73, na Diamondbacks ndio walioachwa nje. Mwaka 2025 Mets na Cincinnati Reds walimaliza 83 kwa 79, lakini Reds walikuwa wamewafunga Mets mara nne kati ya sita. Mets wakafungasha.

## Kipengele cha kujitoa

4. Kipengele cha kujitoa ni kitu gani hasa?

Ni kifungu kinachompa mchezaji haki ya kuukatisha mkataba wake kwa hiari katika tarehe iliyokubaliwa, akaacha pesa zote za miaka iliyosalia na kuwa mchezaji huru. Klabu haina haki kama hiyo upande wake. Mkataba wa besiboli ya Marekani ni wa uhakika: ukiahidiwa dola milioni 100 utalipwa, ucheze vizuri, ucheze vibaya, au ukae benchi na mguu kwenye plasta. Kwa hiyo mwenye kipengele hiki ana sakafu chini ya miguu yake lakini hana dari juu ya kichwa.

5. Si sawa na kile kifungu cha soka cha kuvunja mkataba?

Hapana, na mkanganyiko huu ndio unaoleta mabishano mengi. Katika soka, klabu nyingine hulipa kiasi kilichotajwa na klabu ya zamani hubaki na fedha mkononi. Katika besiboli hakuna anayemlipa mwenye mchezaji hata senti. Mchezaji anasaini karatasi, anaondoka, basi. Klabu inabaki na nafasi kwenye bajeti, na wakati mwingine fidia ndogo ya nafasi kwenye drafti, yaani zamu za kuchagua vijana wapya (swali la 17).

Msichanganye pia na chaguo la klabu, ambapo timu ndiyo inayoamua kumwongezea mchezaji mwaka au kumwacha. Hilo linaelemea upande wa tajiri. Kipengele cha kujitoa kinamwelemea mchezaji.

6. Uamuzi hufanyika lini?

Kwa kawaida ndani ya siku tano baada ya World Series kumalizika, yaani mwanzoni mwa Novemba. Mwaka 2007 Alex Rodriguez wa Yankees hakusubiri hata mwisho: habari kwamba anajitoa zilivuja wakati mechi ya nne ya World Series kati ya Boston Red Sox na Colorado Rockies ikiendelea. Ilionekana kama mtu aliyetangaza talaka yake kwenye harusi ya jirani, na ligi nzima ilikasirika. Alikuwa ameacha mkataba wa dola milioni 252 wa miaka 10 aliousaini na Texas Rangers mwishoni mwa 2000. Akapata wa milioni 275, kwa miaka 10, kutoka kwa Yankees walewale waliosema akijitoa hawatazungumza naye.

7. Kama kinampendelea mchezaji, klabu inakubali kwa nini?

Kwa sababu inanunua kitu nacho: miaka michache, au jumla ndogo ya pesa za uhakika. Mchezaji anayetaka miaka sita na soko linampa mitatu atakubali mitatu ukimwachia mlango wazi. Blake Snell, mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira), alikaa bila timu hadi Machi 2024, akasaini na San Francisco Giants miaka miwili kwa dola milioni 62 akiwa na haki ya kuondoka baada ya mmoja. Agosti alirusha mechi nzima bila kuruhusu pigo hata moja la kufikisha mtu kwenye besi, Novemba akajitoa, na Los Angeles Dodgers wakampa milioni 182 kwa miaka mitano. Giants walipata mrushaji wa daraja la juu kwa msimu mmoja bila kujifunga naye hadi uzeeni. Hilo si hasara kamili, ingawa mashabiki wao walililia.

Sababu nyingine ni ya kisiasa zaidi: mawakala huiomba, na klabu inayokataa hujikuta inashindana na ile iliyokubali.

8. Thamani yake kwa pesa hukokotolewaje?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchezaji ana mkataba wa miaka mitatu, milioni 30 kila mwaka. Baada ya mwaka wa kwanza amebakiwa na milioni 60. Tuseme kuna hali tatu zenye uwezekano sawa: amewaka, na miaka yake miwili sasa ina thamani ya milioni 90 sokoni, yuko vilevile, milioni 60, au ameporomoka, milioni 20.

Bila kipengele, klabu hubaki na hali zote tatu. Akiwaka, imepata mchezaji wa milioni 90 kwa 60, faida ya 30. Akiporomoka, imekula hasara ya 40. Ukiweka kipengele, hali ya kwanza inatoweka, kwa sababu mchezaji aliyewaka anaondoka. Hasara inabaki palepale. Klabu imepoteza faida ya milioni 30 yenye uwezekano wa theluthi moja, kwa hiyo kipengele kina thamani ya milioni 10. Klabu yenye akili ingepunguza kiasi kama hicho mahali pengine kwenye mkataba.

Sasa badilisha mchezaji. Weka mrushaji mwenye kiwiko kinachotia shaka: hali nzuri 120, ya kati 50, mbaya 0. Wastani ni uleule wa karibu 57, lakini kipengele sasa kina thamani ya milioni 20, kwa sababu kilichopotea ni faida ya 60 kwa theluthi moja. Thamani ya kipengele haitokani na ubora wa mchezaji. Inatokana na jinsi mustakabali wake usivyotabirika. Ndiyo maana kumpa mrushaji kipengele cha kujitoa ni ghali kuliko kumpa mpigaji aliyezoea kucheza mechi 160 kila mwaka, hata kama magazeti huandika habari zote mbili kwa maneno yaleyale.

9. Na mchezaji akicheza vibaya?

Anabaki. Jason Heyward alisaini Chicago Cubs miaka minane kwa milioni 184 akiwa na vipengele viwili vya kujitoa. Vyote vilipita bila kuguswa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumlipa zaidi nje. Mchezaji asipokitumia kipengele chake, mara nyingi ni dalili kwamba klabu inamlipa kuliko bei ya soko.

## Mets wenyewe

10. Ni kweli Mets wameumizwa na vipengele hivi kuliko timu nyingine?

Wamevitumia sana, hilo ni kweli. Kuumizwa ni suala jingine, na hapa nina msimamo: mara nyingi kilichowagharimu hakikuwa mchezaji kuondoka. Kilikuwa kumrudisha.

Mpigaji Yoenis Céspedes alisaini Januari 2016, miaka mitatu kwa milioni 75. Akapiga homurani 31, yaani mapigo yanayotoa mpira nje ya uwanja, timu ikashinda mechi 87 na kuingia mchujo, ambako ilitolewa na Giants 3 kwa 0 katika raundi ya waildikadi, iliyokuwa mechi moja tu wakati huo. Akajitoa. Mets wakaogopa kelele za jiji, wakampa mkataba mpya wa milioni 110 kwa miaka minne. Katika miaka hiyo minne alicheza mechi 127, na mwaka 2019 hakugusa uwanja kabisa. Wangemwacha aende zake, wangekuwa wamepata msimu wake bora na kumwachia mwingine mifupa.

Mrushaji Jacob deGrom alikuwa na kipengele baada ya 2022. Aliacha milioni 30.5 za mwaka uliofuata, Rangers wakampa milioni 185 kwa miaka mitano. Mets waliachia. Mwaka 2023 deGrom alianza mechi sita tu kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kiwiko. Kusema kweli, hadithi haikuishia hapo: 2025 alianza mechi 30, wastani wake wa mikimbio (pointi anazoruhusu kwa kila awamu tisa, mdogo ndio bora) ukawa 2.97, kwa hiyo Rangers nao walikula matunda, ila ya mwaka wa tatu.

Mrushaji Sean Manaea alijitoa baada ya 2024, akiacha milioni 13.5. Mets wakamrudisha kwa milioni 75, miaka mitatu. Msimu wa kwanza wa mkataba huo aliumia, akarudi Julai, na wastani wake ukawa 5.64. Hawa wawili, Céspedes na Manaea, walilipwa kwa kile walichokwisha kufanya.

Jirani zao hawakupona. Washington Nationals walimrudisha Stephen Strasburg kwa milioni 245 baada ya yeye kuwa mchezaji bora wa World Series ya 2019. Baada ya hapo alirusha mechi nane maishani mwake, kisha akastaafu.

11. Ilikuwaje wakakosa mchujo 2025 wakati Juni walikuwa wanaongoza ligi?

Tarehe 12 Juni 2025 Mets walikuwa 45 kwa 24, rekodi bora kuliko timu zote 30. Siku hiyohiyo mrushaji wao Kodai Senga alikimbilia besi ya kwanza kupokea mpira uliorushwa na Pete Alonso, akaruka kuudaka, akashika nyuma ya paja. Kuanzia hapo hadi mwisho walishinda 38 na kupoteza 55.

Watu hupenda kumlaumu mpigaji Juan Soto kwa sababu ya mshahara (swali la 16), lakini Soto alipiga homurani 43 na kuiba besi 38. Tatizo lilikuwa warushaji wanaoanza mechi. Mmoja baada ya mwingine walishindwa kufika hata awamu ya sita kati ya tisa, benchi la warushaji wa akiba likachoka, na walioletwa Julai kulisaidia hawakuleta afueni. Vijana waliopandishwa Agosti, hasa Nolan McLean, walirusha vizuri, ila walikuja nyumba imeshashika moto. Siku ya mwisho Mets walifungwa 4 kwa 0 na Marlins kule Miami. Reds nao walipoteza siku hiyo, ndiyo maana inauma: ushindi mmoja tu ungetosha.

12. Kwa nini Alonso na Díaz waliondoka?

Kwa sababu hesabu iliwaelekeza hivyo. Alonso alikuwa amesaini Februari 2025, miaka miwili kwa milioni 54, baada ya soko kumnunia. Alilipwa milioni 30 mwaka wa kwanza. Wa pili ungekuwa 24. Akacheza mechi zote 162, homurani 38, akaingiza mikimbio 126, na njiani akawa mpiga homurani nyingi kuliko wote katika historia ya klabu. Kwa takwimu hizo, kubaki kwa milioni 24 kungekuwa zawadi kwa tajiri. Alitangaza kuondoka akiwa bado chumba cha kubadilishia nguo Miami. Baltimore Orioles wakampa milioni 155 kwa miaka mitano.

Edwin Díaz, mrushaji wa kufunga mechi, aliacha milioni 38 za miaka miwili, akaenda Dodgers kwa milioni 69, miaka mitatu.

Mets hawakumfukuzia Alonso hadi miaka mitano. Ana miaka 31, anacheza besi ya kwanza, na miili ya aina yake haizeeki kwa upole. Kwa mtazamo wa swali la 10, ni mara yao ya kwanza tangu deGrom kukataa kulipia kumbukumbu. Kama walikosea, tutajua kufikia 2028, si Aprili 2026.

13. Mchezaji mmoja akiondoka, nafasi ya mchujo inapungua kiasi gani?

Inategemea timu iko wapi kwenye ngazi. Mchezaji kama Alonso wa 2025 huongezea timu yapata ushindi mitatu hadi minne kwa msimu, ukimlinganisha na mbadala wa bei nafuu. Timu ya ushindi 100 ikipoteza minne, inabaki 96 na inaingia mchujo. Timu ya 70 ikipoteza minne, haijabadilika kitu. Ila timu inayotarajiwa kushinda 83 hadi 89 inaishi kwenye ukingo, na hapo ushindi mmoja una bei isiyo na mfano. Rudi swali la 3: Mets walisherehekea wakiwa na 89 na kulia wakiwa na 83, na mara zote mbili uamuzi ulitegemea kanuni ya kulingana.

Hii ndiyo sababu kipengele kilekile kinaweza kuwa kero ndogo kwa klabu moja na msiba kwa nyingine.

14. Zile asilimia za nafasi ya mchujo zinazotolewa kila siku, zinatoka wapi?

Kompyuta huchezesha mechi zilizobaki maelfu ya mara kwa kutumia makadirio ya kila mchezaji, kisha huhesabu ni mara ngapi timu iliingia. Hazijui nani ataumia kesho. Tarehe 11 Juni 2025 hazikuwa zimekosea kuwapa Mets nafasi kubwa mno. Paja la Senga halikuwemo kwenye hesabu.

15. Je, 2026 wana nafasi?

Wana nafasi, lakini ni timu nyingine. Brandon Nimmo alibadilishwa na Marcus Semien wa Rangers, Jeff McNeil akapelekwa Athletics. Kumrithi Díaz walimsajili Devin Williams, ambaye ndiye aliyeruhusu homurani ya Alonso katika awamu ya tisa dhidi ya Milwaukee Brewers kwenye mchujo wa 2024. Besiboli ina ucheshi wake. Kutoka Milwaukee wakamleta pia mrushaji Freddy Peralta, na huo kwangu ndio usajili wenye uzito kuliko wote, kwa kuwa unagusa pale palipovuja 2025.

Kisha wakamsaini Bo Bichette miaka mitatu kwa milioni 126, akiwa na haki ya kujitoa baada ya mwaka wa kwanza na wa pili. Ni mtindo uleule wa Alonso kwa bei ya juu. Akiwaka, jiandaeni kuuliza maswali haya upya Novemba.

Makadirio yangu ni timu ya ushindi 85 hadi 90, yenye kutegemea afya ya warushaji watano kuliko jina lolote kwenye safu ya wapigaji. Phillies, walioshinda 96 mwaka 2025, bado wako juu yao.

16. Na Soto? Naye anaweza kuondoka?

Ndiyo, baada ya msimu wa 2029. Mkataba wake wa Desemba 2024 ni milioni 765 kwa miaka 15. Ila Mets wamewekewa kufuli: wanaweza kuifuta haki hiyo kwa kumwongezea milioni 4 kila mwaka katika miaka 10 iliyobaki, jumla ikafika 805. Atakuwa na miaka 31 na mkataba hadi 40. Kama bado anapiga kama 2025, Mets watalipa. Kama hapigi hivyo, hatajitoa.

Yankees walikuwa na kufuli kama hilo kwa Gerrit Cole. Novemba 2024 Cole alijitoa, Yankees wangeweza kumzuia kwa kumwongezea mwaka wa milioni 36, wakasita. Mwishowe pande zote zikakubali kuendelea kana kwamba hakujitoa, akiwa na milioni 144 za miaka minne. Machi iliyofuata alifanyiwa upasuaji wa kiwiko na kukosa msimu wote wa 2025. Ile kusita iliwaokolea Yankees milioni 36.

## Visa vya pembeni

17. Klabu hulipwa fidia yoyote?

Inaweza kupata nafasi ya drafti, iwapo imempa mchezaji ofa rasmi ya mwaka mmoja na yeye akaikataa akasaini kwingine. Ofa hiyo ilikuwa milioni 22.025 Novemba 2025. Lakini mchezaji hupewa mara moja tu maishani. Alonso alishaipata 2024, kwa hiyo Mets hawakupata chochote kwake. Díaz alipewa akakataa, wakapata nafasi, ila baada ya raundi ya nne, kwa kuwa klabu inayolipa kodi ya anasa (swali la 18) husukumwa nyuma.

18. Kodi ya anasa inaingiaje hapa?

Klabu ikizidi kiwango cha mishahara, milioni 241 mwaka 2025, hutozwa kodi juu ya kilichozidi. Kinachohesabiwa ni wastani wa mkataba kwa mwaka. Kwa klabu iliyo kwenye ngazi ya juu kabisa kwa mwaka wa tatu mfululizo au zaidi, kama Mets wa tajiri Steve Cohen, kila dola ya juu kabisa hutozwa asilimia 110. Kwa hiyo mchezaji wa milioni 24 anapojitoa, Mets huenda wakaokoa zaidi ya milioni 50. Mashabiki husahau nusu hii ya hesabu.

19. Mchezaji mwenye kipengele akiuzwa katikati ya msimu, inakuwaje?

Kipengele kinahama naye, na ndiyo maana hauziki kirahisi. Anayempokea anajiuliza: akicheza vizuri ataondoka, akiumia nitabaki naye, kwa hiyo nakupa nini? Julai 2023 Mets walitatua hilo kwa Max Scherzer: kabla ya kwenda Rangers alikubali kuacha haki yake ya kujitoa na kuthibitisha mwaka wa 2024, Mets wakabeba sehemu kubwa ya mshahara, nao wakapata kijana Luisangel Acuña.

Kinyume chake ni Eduardo Rodriguez wa Detroit Tigers, mwaka huohuo. Alitumia haki yake ya kuzuia uhamisho, akakataa kwenda Dodgers, kisha Novemba akajitoa na kusaini Diamondbacks. Tigers walibaki mikono mitupu, hata drafti hawakupata.

20. Kuna vipengele vyenye masharti?

Vipo. Senga alisaini mwishoni mwa 2022, miaka mitano kwa milioni 75, akiwa na haki ya kujitoa baada ya 2025 endapo angerusha awamu 400 katika misimu mitatu. Majeraha ya 2024 na lile paja la Juni yalimwacha mbali sana na 400. Haki haikufunguka, akabaki na mkataba wake.

21. Lazima mchezaji ajitoe ili apate nyongeza?

Si lazima. Wakati mwingine tishio linatosha. Mwaka 2011 mrushaji CC Sabathia alikuwa na haki ya kuondoka Yankees. Kabla ya tarehe kufika wakamwongezea mkataba, uhakika ukawa milioni 122 kwa miaka mitano. Kufikia 2013 wastani wake ulikuwa 4.78, na 2014 goti likamtoa uwanjani. Mwaka 2017 Masahiro Tanaka alikuwa na kipengele kama hicho katika klabu hiyohiyo, akaamua kubaki na milioni 67 zake za miaka mitatu bila kuomba kitu, na akawatumikia hadi mwisho.